Mwili wa Nsajigwa na Kigari Chekundu

Nsajigwa alizoea kuinama. Hakuinama kwa adabu, maana hiyo hakujaliwa. Aliinama kwa sababu milango ya Mwaya imejengwa na watu wa kimo cha kawaida, kwa ajili ya watu wa kimo cha kawaida, naye alizidi. Tena hakuzidi kwa urefu peke yake. Shingo yake ilikuwa nene kama kinu, na mgongo wake ukikutangulia njiani huoni uendako. Siku moja, mahali wanaponunua kakao, vijana walimpandisha kwenye mizani kwa utani. Mshale ulizunguka ukagota, na Nsajigwa akashuka akichekelea kama mtu aliyepewa kombe. Mwingine angeona haya, lakini yeye aliona sifa.

Veronika, mkewe, alitoka ufukweni kwa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu. Aliolewa Mwaya akiwa mwali. Akafinyanga, akalima mpunga, akapanda kakao nyuma ya nyumba, akabeba udongo wa matofali kichwani huku mwanawe Bryson akiwa mgongoni. Nyumba ikapanda, bati likakaa juu. Kazi ya Nsajigwa ilikuwa kuizunguka, mikono nyuma, akisema tofali hili limekaa vibaya na lile limepinda. Nyumba ilipokwisha alisema milango ni mifupi, inamuumiza kichwa. Akahamia Kyela mjini kwa Queen, mwanamke wa duka la vipodozi. Mlango wa Queen, tuamini hivyo, ulikuwa mrefu.

Hapakuwa na talaka. Kanisani Veronika alibaki mke wa ndoa, ila mjini waliposema habari zake walisema "yule wa kijijini." Bryson akakua, akamaliza shule, akashika shamba la kakao na mama yake. Baba alimkumbuka mtoto alipoota ndevu.

Ndipo likaja gari.

Lilitoka ng'ambo ya mto Songwe, kwenye banda la mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekwisha kufa. Zamani, walisema, lilikuwa la mashindano. Lilikuwa kigari chekundu chenye milango miwili na viti viwili, bila paa, kimelala chini hivi kwamba kuku akisimama wima anatazamana na dereva uso kwa uso. Kati ya magari yote ambayo mtu wa mwili ule angeweza kununua, pick-up, lori, hata trekta, Nsajigwa alichagua hilo. Alilileta Kyela juu ya lori, akasema anayahurumia matairi. Mji mzima ulijua kwamba alijaribu kuingia kule kule ng'ambo akashindwa.

Siku ya gulio Veronika alikuwa mjini na vyungu vyake, akakuta watu wamejaa gereji ya Nasibu. Nasibu alikuwa fundi wa kutoka Tanga, mwembamba, mwenye maneno. Veronika alitua vyungu akatazama. Nsajigwa alikuwa nusu ndani, nusu nje, kama mbuzi aliyekwama kwenye ua.

"Bosi, miguu imekubali," Nasibu alisema. "Tumbo limegoma."

"Sukuma."

"Nikisukuma tutavunja kimoja kati ya viwili, na spea za hiki kigari huku hazipatikani."

"Na za huyo je?" aliuliza mama mmoja muuza ndizi, na watu wakaangua kicheko.

Nasibu alifungua kiti cha dereva akakitoa chote, na mahali pake akatandika gunia la kakao lililokunjwa. Nsajigwa akajaribu tena. Safari hii makalio yalifika chini lakini magoti yaligonga usukani, yakakataa kupita. Fundi alijikuna kichwa, akaizunguka ile kazi mara mbili, kisha akachukua spana, akafungua nati ya katikati, akaung'oa usukani wenyewe. Nsajigwa akateremka ndani taratibu, akipumua kwa kinywa, paja moja baada ya jingine. Alipokwisha kutua, Nasibu alimpachikia usukani kati ya magoti na tumbo, akakaza nati.

Alienea. Magoti yalikuwa karibu na masikio, na kioo cha mbele kilimfika kifuani, kwa hiyo upepo wote na wadudu wote vilikuwa vyake. Lakini alienea. Akapiga honi. Kisha akamwona Veronika.

"Mama Bryson, umeshuhudia. Kawaambie watu wa Mwaya."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba Nsajigwa ameenea. Na harusi ya Bryson ni kwa gari hili. Mimi mwenyewe nampeleka kanisani. Nikifika nashuka, nawaachia yeye na bibi harusi, wanakuja nalo hapa mjini. Queen atawapokea."

Veronika alishika kata yake ya kichwani asiseme upesi. "Atampokea nani?"

"Mkamwana."

"Mkamwana wa nani?"

"Wa nyumba yangu."

"Nyumba yako ipi, Baba Bryson? Ile ya milango mifupi?"

Watu walicheka, lakini Nsajigwa alikwisha kusema mbele za watu, na la mbele za watu halimezeki tena. Veronika alijitwika vyungu akaondoka. Hakuuza hata kimoja siku ile.

Mwanamke anayemshika mkono bibi harusi kizingitini ndiye mama yake tangu siku hiyo. Bibi harusi hulala katika nyumba hiyo, hushika jiko lake, na watoto wake huzaliwa humo. Bryson na mkewe wakipokelewa mjini, basi wamehama, na Veronika atabaki na nyumba ya vyumba vinne na sauti yake mwenyewe. Alimwita mwanawe akamwuliza. Bryson alitazama chini.

"Baba ameniahidi chumba na kazi dukani."

"Duka la Queen."

"Ni duka tu, mama."

Veronika alikwenda kwa Zebedayo, mdogo wake Nsajigwa, aliyekuwa msemaji wa ukoo. Zebedayo aliita wazee, wakakaa, wakala kuku wa Veronika, wakajisafisha meno. Kisha wakasema baba ni baba, tena gari ni heshima ya ukoo mzima.

"Wewe shemeji ni mtu wa vyungu," Zebedayo alimwambia, na alidhani anamfariji. "Gari hutalipinga."

Baada ya hapo Mwaya haikuzungumza lingine. Hakuna aliyeuliza haki iko upande gani, wala nani alimlea Bryson, wala nani alibeba yale matofali. Waliulizana kama ataenea. Wengine walisema lile la gereji ni uongo, ni mwembamba fulani alivaa koti lake. Wengine walisema anaenea akiwa na njaa, akishiba haenei. Wanaume wazima, wenye wake na mashamba, walijikunja juu ya mafiga na vigoda kuonyeshana jinsi mtu mrefu anavyoweza kukunja miguu. Veronika aliwapita na ndoo yake ya udongo. Alikuwa anasiriba kuta upya. Naomi, jirani yake, alimwuliza anasiriba kwa ajili ya nani.

"Kwa ajili ya kuta," alijibu.

Na siku ya harusi alipika. Alipika kama mtu mwenye wageni, wali wa Kyela unaonukia hadi barabarani, nyama, ndizi, na samaki waliotumwa na kaka zake wa ufukweni. Wenye huruma waliona ni ukaidi. Wasio na huruma walisema mama Bryson amechanganyikiwa, anampikia nani na shughuli iko mjini.

Kigari kilisikika kabla ya kuonekana. Kilikuja kikinguruma na kutoa moshi, Nsajigwa akiwa amechomoza juu yake kama mtu anayeoga kwenye karai, na suti, na tai. Bryson alibanwa kwenye kiti cha pili, amejikunja ubavuni mwa mlango kama mkeka. Walisimama mbele ya mlango wa kanisa la Mwaya, pua ya gari ikikaribia kugusa ngazi, maana Nsajigwa hakutaka mtu yeyote aseme hakuliona. Watu walipiga makofi na vigelegele. Hata waliowekeana dau wakapiga makofi. Bryson alichomoka akajinyoosha.

Nsajigwa hakutoka.

"Ingieni tu," alisema. "Mimi nalinda gari. Watoto wa hapa wana mikono."

Queen alikuwa amekuja kwa bajaji kutoka mjini, amevaa dhahabu dhahabu, akaenda kuketi kiti cha mbele kabisa, upande wa mama wa bwana harusi. Veronika hakugombana naye kanisani. Aliketi benchi la nyuma, karibu na dirisha. Bibi harusi aliingizwa kwa mlango wa ubavuni na watu wake wa Ngana, amefunikwa shela, na ibada ikaanza.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri Veronika aliposikia mtu ananong'ona nje.

"Mama Bryson. We Mama Bryson."

Alitoka polepole. Nsajigwa alikuwa amelowa jasho hadi tai.

"Nini?"

"Usipaze sauti."

"Sijapaza."

"Nasibu hajafika. Alisema atanifuata na spana, sasa ameitwa kwenye basi la Mbeya limekufa njiani. Simu yake haishiki. Mguu wa kushoto siusikii."

Veronika aliutazama usukani, ulivyojichimbia kwenye tumbo la mumewe kama pete kwenye kidole kilichovimba. "Kwani si umeenea?"

"Nimeenea. Kutoka ndiko bado."

Hakucheka, ingawa alitamani. Mji mzima na kijiji kizima walipoteza msimu wa palizi wakibishana kama mtu huyu ataingia, wala hakupatikana hata mmoja wa kuuliza atatokaje. Mwenyewe hakuuliza pia. Na ukitaka kujua, hata Veronika hakuuliza.

"Nenda pale kwa vijana wa bodaboda," Nsajigwa alisema. "Hawakosi spana. Fanya upesi kabla maharusi hawajatoka."

"Nitakwenda. Mkamwana anapokelewa wapi?"

Nzi alimtua Nsajigwa puani, na mkono wa kumfukuza ulikuwa umebanwa mlangoni. "Hayo yalishaamuliwa, Mama Bryson."

"Basi kaa."

"Veronika." Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina lake. "Queen ameshapika. Nimealika watu wa ofisi, nimealika wanunuzi wa kakao. Wakikosa harusi uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso wako uko juu ya kioo. Kila mtu anauona."

Akarudi ndani akaketi. Alichofikiria wakati ule ni kwamba na akae huko, na mguu ufe ganzi. Hakufikiria zaidi ya hapo. Lililotokea baadaye lilitokana na Nsajigwa mwenyewe.

Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye nyumba moja, hamtamki jina, na wakikutana njiani anaiacha njia, anaingia hata kwenye matope, mpaka mzee apite. Mjini wanasema hayo ya kale. Ngana hawasemi hivyo, na Abigail, bibi harusi, alilelewa Ngana na shangazi yake Tuntufye, mama wa maneno machache na mkono mzito. Tena siku ya posa Nsajigwa ndiye aliyeidai heshima hiyo, kwa kidole na kwa kikohozi. Alisema hataki msichana wa siku hizi anayemkodolea mkwewe macho. Wao wakaahidi. Kwa hiyo alipaswa kuwa ameshuka na kwenda zake kabla bibi harusi hajatoka. Na sasa mlango wa ubavuni ulizibwa na matarumbeta na kwaya, na mlango mkubwa ulizibwa na yeye.

Ibada ikaisha. Milango ikafunguliwa. Bwana na bibi harusi wakafika kizingitini, vigelegele vikapanda, na Abigail akainua macho kidogo tu chini ya shela. Akaona kifua, na tai, na kichwa kikubwa kisichojificha popote. Aligeuka kama aliyeona nyoka, akaficha uso begani mwa shangazi yake. Waliokuwa nyuma waliwasukuma waliokuwa mbele. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kutoka, ikaumaliza, ikaurudia.

"Mwondoeni mzee," alisema Tuntufye.

"Tata, sogea kidogo," Bryson alisema.

"Siwezi."

"Washa gari."

"Mguu wa klachi umekufa."

Zebedayo, msemaji wa ukoo, aliruka ngazi akamshika kaka yake kwapani na kuvuta. Kilichotoka ni mkono wa suti. Wakaja wanaume wengine, mmoja akavuta kichwa, mwingine akashauri avuliwe viatu, mwingine akaagiza mafuta ya kula.

"Avuliwe nini mbele ya mkamwana?" Tuntufye aliuliza kutoka mlangoni, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wake. "Mna akili ninyi?"

"Shangazi, siku hizi mambo hayo yamelegea," alisema Queen. "Apite tu, afumbe macho."

"Nawe ni nani?"

Queen alirekebisha dhahabu zake shingoni. Watu wote walilitaka jibu hilo, hata mchungaji.

Mwishowe walilisukuma gari. Wazee wale wale waliosema gari ni heshima ya ukoo ndio waliokunja suruali wakalisukuma, limejaa Nsajigwa, kuzunguka kona ya kanisa hadi kwenye migomba. Naye, kwa mazoea ya sifa, aliendelea kushika usukani na kukata kona kama anayeendesha. Kuna watu hata wakisukumwa wanadhani wanaongoza.

Ndipo bibi harusi akatoka. Uwanja ulikuwa mtupu mbele yake, hakuna cha kupanda.

"Bajaji yangu ipo," Queen alisema. "Na nyingine tutazipigia simu. Twende mjini."

Tuntufye alimgeukia. "Nyumba ya mjini ina milango mingapi ya kutokea?"

"Mmoja."

"Na choo?"

"Kimoja. Lakini kisafi, cha vigae."

"Basi mtoto wangu atapishana na mkwewe chooni, kwenye vigae." Akamtazama Bryson. "Baba, ulipokuja kutuoa hukutuambia hivyo."

Bryson alitazama upande wa migomba, akatazama bajaji, kisha akamtafuta mama yake katikati ya watu kama mtoto anayetafuta kiatu. Veronika alikuwa amesimama peke yake karibu na ngazi. Hakumsaidia kwa neno wala kwa kichwa. Alitaka alisikie likitoka kinywani mwake.

"Mama," Bryson alisema. "Kwako kuna chochote?"

"Wali upo."

Si kwamba alimchagua. Veronika aliyajua hayo siku ile na aliyajua baadaye. Mwanawe alikuja nyumbani kwa sababu nyumba ilikuwa karibu, ilikuwa na milango miwili, na chakula kilikuwa tayari. Lakini mkono wa Abigail ulikuwa mkono, wa moto na wenye jasho, na Veronika aliushika kizingitini mbele ya kijiji chote, akaushikilia zaidi ya inavyohitajika. Tuntufye alisema ndaga, ndaga fijo, asante sana, akapita ndani kukagua jiko, akatoka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Wale waliosema mama Bryson amechanganyikiwa walikuwa wa kwanza kunawa mikono.

Nasibu alifika alasiri na spana. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Nati ilifunguka, usukani ukatoka, Nsajigwa akavutwa. Alikuja uani akichechemea, suti ikiwa na mkono mmoja, Queen nyuma yake ameshika viatu vyake. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akainama kama alivyozoea, aingie akakae kwenye kiti.

Tuntufye alikuwa ameketi kizingitini. Hakusimama. "Tata, mwanetu yumo."

"Nataka kukaa tu. Nimeumia."

"Pole. Lakini yumo."

"Hii ni nyumba yangu."

"Ni yako," Veronika alisema kutoka ndani. "Nani amekataa? Kaa nje yake."

Alibaki ameinama kidogo, kisha akajinyoosha. Watu walikuwa wanakula na kumtazama. Nyumba aliyoikimbia kwa sababu ya milango sasa hakuweza kuiingia hata kama mngembomolea ukuta mzima, na aliyemfungia nje ni heshima aliyoidai mwenyewe kwa kikohozi. Naomi alimtandikia mkeka chini ya ukuta, upande wa kisima, Queen akaketi ncha ya mkeka na dhahabu zake. Veronika aliwapakulia. Hakuwapunguzia nyama; watu wasije wakapata la kusema. Nsajigwa alianza kula, na baada ya matonge machache alikuwa anamweleza Nasibu kwamba kosa lilikuwa la spana, si la mwili.

Ndani, Abigail alikuwa amejitanda khanga juu ya gauni lake. Alichukua ndoo, akafika mlango wa nyuma, akarudi.

"Mama, nilitaka kuchota maji. Mzee yuko kisimani."

Veronika alijifuta mikono, akatoka hadi kwenye kona ya nyumba. Hakumsemesha mumewe. Alimsemesha Queen.

"Mdogo wangu, mwambie mzee ahamie upande wa barabarani. Mkamwana anataka kupita."

Queen alimwambia. Nsajigwa alitazama sahani yake, akatazama watu, akatia mkono mmoja ardhini na kujiinua kwa taabu. Kisha akabeba wali wake, na Queen akabeba mkeka, wakahama.